Mto Waelekea Wapi? Somo la Kusoma Kontua

Katika mtihani wa jiografia hapana swali linalokimbiwa kama lile la ramani. Mimi nami nilikuwa mkimbiaji hodari, mpaka siku ramani iliponiadhibu.

Ilikuwa mwaka jana, wakati wa kiangazi, tulipokuwa Kidato cha Tatu. Mwalimu wetu alitutuma wanafunzi sita porini, tukiwa na ramani moja na dira moja. Tulitakiwa kutafuta korongo kavu, kisha kulifuata upande linakoteremkia hadi darajani, ambako yeye angetungoja saa kumi. Korongo tuliliona, lakini lilikuwa mchanga mtupu, bila tone la maji, na mteremko wake mdogo jicho halikuweza kuutambua. Mshika ramani nilikuwa mimi. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mto huu unashuka kusini," kwa sababu tu kusini iko chini ya karatasi! Tukaenda. Baada ya saa nzima mwenzangu mmoja akasimama, huku anatweta, akaniuliza, "Bwana Ramani, mto gani huu unaopanda mlima?" Tulifika darajani saa mbili ya usiku. Maji yalikuwa yametuishia zamani, na mmoja wetu tulimshika mkono kwa kizunguzungu. Jina la Bwana Ramani ninalo hata leo.

Basi nawaandikia ili lisiwapate ninyi.

Kontua ni mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kimoja juu ya usawa wa bahari. Katika ramani yetu tofauti ya mstari na mstari ilikuwa mita 20. Mistari ikisongamana, mteremko ni mkali. Ikiachana, nchi inakaribia kuwa tambarare.

Sasa fikiri umeamriwa kutembea ubavuni mwa kilima kwenye kimo cha mita 1,200, usipande wala usishuke hata hatua moja. Mbele yako unakuta bonde. Huwezi kulikata moja kwa moja, maana mto uko chini yako. Huna budi kugeuka na kufuata ubavu wa bonde kuelekea linakotoka, mpaka ufike mahali ambapo kitanda cha mto chenyewe kimefikia mita 1,200. Hapo utavuka, kisha utarudi kwa ng'ambo ya pili. Nyayo zako zimeandika herufi V, na ncha yake yatazama yanakotoka maji. Kanuni ndiyo hiyo: mahali kontua inapokata mto, ncha ya V huelekea kwenye chanzo, na maji hushuka kuelekea upande ule V ilikofunguka.

Lakini tahadhari! Mgongo wa kilima nao huandika V. Kwa hiyo usitazame umbo peke yake, soma na namba. Ncha ikielekea kwenye namba kubwa, hilo ni bonde; ikielekea kwenye namba ndogo, huo ni mgongo. Ukitaka kuona kwa macho, kunja ngumi, kisha chora kwa wino mistari ya kuuzunguka mkono, kila mmoja kwa kimo chake. Mistari itachomoza nje kwenye vifundo vya vidole, na itarudi ndani kati ya kifundo na kifundo. Hapo kati ndipo maji yangepita.

Tena, usiulize mto kama unaujua upande wa kusini. Mto Nile hutoka Ziwa Victoria, lililo kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, ukaenda kaskazini mpaka Bahari ya Mediterania. Mto Malagarasi huanzia milimani karibu na mpaka wa Tanzania na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini huenda kwanza kaskazini-mashariki, hugeuka kusini, kisha magharibi, ndipo huingia katika ziwa hilo hilo. Maji hayajui dira. Yanajua juu na chini tu.

Tuliporudi bwenini niliitandika ile ramani kitandani nikaitazama kwa taa. Ncha zote za V katika lile korongo zilitazama kusini, na namba zilizidi kukua upande huo huo. Ramani ilikuwa imesema kweli tangu asubuhi, bali msomaji ndiye hakuwapo.

Zoezi: Kijito kinakatwa na kontua tatu, na ncha zote za V zinatazama mashariki. Kontua ya katikati ni ya mita 640, na tofauti ya mstari na mstari ni mita 20. Kijito chaelekea wapi, na kontua iliyo mashariki ni ya mita ngapi?

Jibu: Chaelekea magharibi, mita 660. Aliyejibu mashariki na asishike ramani safari ijayo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne