Njaa Si Adui

JUMATANO

Soma Mwanzo 1:29; Mithali 16:26 na Mithali 25:16. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu njaa na chakula?

Mungu aliwapa wanadamu mimea iwe chakula chao. Sulemani naye anaonesha kwamba njaa humsukuma mtu kufanya kazi, na kwamba hata kilicho kitamu kama asali kina kipimo chake. Basi njaa si dhambi wala ugonjwa. Ni kengele ambayo Muumbaji ameiweka mwilini.

Leo wengi wanaotaka kupunguza uzito hutafuta mmea wa kuizima kengele hiyo. Fikiria hoodia, mmea wenye miiba unaoota Kalahari, kusini mwa Afrika. Kwa vizazi vingi watu wa jamii ya San waliutafuna katika safari ndefu za kuwinda, ili wastahimili njaa na kiu. Habari zake zilipoenea, vidonge vyake viliuzwa nchi za mbali kwa watu wenye chakula tele. Kampuni ya Unilever iliutafiti, lakini mwaka 2008 iliacha mpango huo kwa kutoridhika na usalama na ufanisi wake. Tayari mwaka 2004 Marekani ilikuwa imepiga marufuku virutubisho vyenye efedra, mmea mwingine uliouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito, kwa sababu ya hatari zake kwa moyo. Kwa hiyo neno “asilia” kwenye chupa si uthibitisho wa usalama.

Angalia tofauti. Mwindaji alivumilia njaa ili awaletee wa nyumbani chakula. Sisi twataka tusiisikie kabisa, hali sahani imejaa. Lakini kiasi, ambacho ni tunda la Roho (Wagalatia 5:22, 23), si kukosa hamu ya kula, bali ni kuitawala. Danieli na wenzake hawakuomba waondolewe njaa. Waliomba chakula sahili na maji, wakala (Danieli 1:12–16). Maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa zina nyuzinyuzi zinazomshibisha mtu kwa muda mrefu, wala hazihitaji kufichwa mtu yeyote.

Huenda katika darasa lako yupo anayemeza vidonge hivi kwa siri, kwa sababu ya maneno aliyoambiwa kuhusu mwili wake. Je, utamsaidiaje bila kumhukumu? Na maneno yako mwenyewe yamekuwaje?