Jihesabuni Kabla Hamjahamishwa: Mbinu kwa Wauzaji wa Kando ya Barabara

Mwaka 2021, wamachinga wa miji mingi ya Tanzania waliondolewa kando ya barabara, Kariakoo ikiwemo, wakapangiwa maeneo mengine. Katika zoezi kama hilo, afisa wa jiji huja na ramani na notisi, naye muuzaji hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba amelea familia pale kwa miaka. Mji unakula kwa mama lishe na kuvaa kwa muuza mitumba, kwa hiyo watu hawa wana haki ya kushirikishwa unapopangwa. Haki hiyo hudaiwa vizuri zaidi na watu waliojiandaa. Anzeni hivi.

1. Jihesabuni wenyewe. Nunueni daftari kubwa. Andikeni jina la kila muuzaji, simu yake, anachouza, mahali anapouzia na mwaka alioanza. Msimwache anayekuja jioni tu, wala muuza karanga anayetembeza. Kisha choreni mchoro wa mtaa: meza, mfereji, kituo cha daladala, njia ya waenda kwa miguu. India iliweka jambo hili katika sheria ya mwaka 2014: mchuuzi haondolewi mpaka wachuuzi wa eneo lake wahesabiwe na kupewa vyeti. Hapa kwetu msisubiri kuhesabiwa na mtu mwingine. Mkiingia ofisini na orodha ya watu 140, afisa hawezi kusema mko 30.

2. Tenganisheni chama na kikundi cha mkopo. Mkishajihesabu, mtahitaji chama cha kuwasemea, na baadhi yenu mtataka mikopo. Hapa ndipo wengi huvunjika. Chama ni cha mtaa mzima, na kazi yake ni kuwasemea wote. Kikundi cha mkopo kiwe cha watu wachache wanaojuana tabia. Mkivichanganya, siku mmoja akishindwa kurejesha, ugomvi wa fedha unaua hata sauti yenu mbele ya jiji.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, awaeleze masharti ya sasa. Mapema andaeni katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama na akaunti ya benki.

3. Ondoeni sababu za kufukuzwa. Jiwekeeni sheria ndogo, nanyi muwe wa kwanza kuzisimamia. Njia ya waenda kwa miguu ibaki wazi, hata mwenye kiti cha magurudumu apite. Meza isikae juu ya mfereji. Majiko ya mama lishe yawe mbali na mitumba. Pangeni zamu ya usafi kila jioni na mtunze risiti za kila ushuru mnaolipa.

4. Mfanyeni mwenye duka shahidi wenu. Wapo wamachinga wanaochukua bidhaa dukani kwa mali kauli, wakauza mchana kutwa na kulipa jioni. Mwenye duka huyo anajua meza zenu zinamwingizia kiasi gani. Kubalianeni naye kwamba mlango wake hautazibwa, kisha mwombeni aje kikaoni aeleze faida anayoipata kwenu mbele ya mtendaji wa mtaa.

5. Mkipangiwa eneo jipya, kagueni kabla ya kukubali. Jengo la Machinga Complex, Ilala, lilikaa miaka mingi na vizimba vitupu, sababu moja ikiwa kwamba wateja hawakupanda ghorofani kutafuta soksi na vitana. Biashara ndogo huishi pale watu wanapopita. Tumeni wajumbe, wanawake wakiwemo, waende asubuhi na jioni waulize: Daladala zinashusha wapi? Choo kiko wapi, na kuna maji? Taa zinawaka usiku? Mzigo utalala wapi? Mvua ikinyesha patapitika?

Hoja zenu zipelekeni kwa maandishi. Ombeni kituo cha daladala kihamishwe kwanza, wauzaji wafuate. Ombeni pia ugawaji wa vizimba ufanywe hadharani, kwa daftari lenu, ili watu wasiokuwapo barabarani wasijipatie nafasi. Kila makubaliano yaingie katika muhtasari uliosainiwa na pande zote mbili, na nakala ibaki kwenu.

Kwa maafisa wa jiji na wenyeviti wa mitaa: chama cha namna hii kitawarahisishia kazi. Kipeni kiti katika kikao cha kupanga, wakati mchoro ungali wa penseli na unaweza kubadilishwa.

Wiki hii, chagueni watu watatu mnaowaamini, mmoja awe mwenye mwandiko mzuri. Waanze na meza ya kwanza ya mtaa, wasiishie njiani.