Kutafuta Mkutano wa Kuacha Pombe Kampala: Mwongozo kwa Mfanyakazi

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi wa Kampala aliyekwisha kuamua kuacha pombe, au anayekaribia kuamua, na anayetaka kukaa na watu waliopitia hayo hayo. Haujali kama ni dereva, mlinzi, karani au mfanyabiashara wa Kikuubo.

Tuanze na afya. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu, ukinyimwa mara moja, unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Baada ya hapo wengine huanza kuweweseka, wakaona visivyokuwapo, wakapandwa na homa huku moyo ukienda mbio. Hali hiyo huua. Muone daktari kwanza. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika, iliyofunguliwa 1955 katika Divisheni ya Nakawa, ina kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Watu wengi huiogopa kwa sababu ya sifa yake ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Hofu hiyo imewachelewesha wengi bila sababu.

Ukiwa hapo, ulizia vikundi. Wauguzi na washauri nasaha wa kitengo kama hicho ndio wanaojua ni kikundi gani bado kinakutana na kipi kimekufa. Unaweza pia kutafuta kwenye tovuti ya Alcoholics Anonymous (AA), aa.org, sehemu ya nchi za nje ya Marekani. Ukiona anwani, usifunge safari papo hapo. Piga simu. Vikundi huhama vyumba na kubadili saa, na kusimama mbele ya mlango uliofungwa, jioni, karibu na baa iliyo wazi, ni jaribu lisilo la lazima.

Kwenye simu uliza mambo haya: mkutano ni siku gani na saa ngapi, unaendeshwa kwa Kiingereza, Kiluganda au lugha nyingine, ni wa wazi, ambao hata ndugu au rafiki anaruhusiwa kuingia, au ni wa waraibu tu, na kuna mtu atakayekupokea getini? Hilo la mwisho wengi huona aibu kuliuliza, nalo ndilo linaloamua kama mgeni ataingia au atageuza boda arudi nyumbani. Kisha pima na zamu zako. Mkutano mzuri wa Ntinda wa saa kumi na mbili jioni haumfai anayetoka kazini Kibuye saa hiyo hiyo, foleni ikiwa imeshika. Chagua unaoufikia kila wiki, hata kama si uliosifiwa zaidi. Kwa mlinzi wa zamu ya usiku, mikutano ya mtandaoni iliyoorodheshwa kwenye aa-intergroup.org hufanyika saa zote za siku.

AA ilianza 1935 mjini Akron, Ohio, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, walipogundua kuwa mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mhubiri au mke. Hakuna ada wala fomu. Sharti ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Jina la kwanza linatosha. Kapu likipita, mwenye chochote huweka, asiye nacho hulipitisha. Huna lazima ya kusema lolote siku ya kwanza. Ukielekezwa ukumbi wa kanisa, usidhani unaitwa kuokoka; vikundi hivi hupanga chumba popote kinapopatikana kwa bei nafuu, na Mwislamu ana nafasi yake humo.

Mwajiri je? Huna wajibu wa kumtangazia kwamba unahudhuria mkutano baada ya kazi. Ukilazwa ni suala jingine: toa taarifa mapema na uwe na cheti cha daktari. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa; ugonjwa ukiendelea baada ya mwezi wa pili, mwajiri anaweza kusitisha mkataba.

Panga mkutano siku ya mshahara, kabla ya siku nyingine yoyote. Vifuko vya waragi vilipigwa marufuku 2019, lakini chupa ya plastiki ya mililita 200 inaenea vizuri tu kwenye mfuko wa koti, na wenzako watakununulia bila kuombwa. Siku hiyo mtumie mke, mume au dada fedha za nyumbani kwa simu kabla hujatoka getini. Jamaa nao wana kikundi chao, Al-Anon, kilichoanzishwa 1951, na mikutano yake hupatikana pia mtandaoni.

Hudhuria mara kadhaa kabla ya kuhukumu. Kikundi kisipokufaa, jaribu kingine. Na ukianguka ukanywa tena, nenda kwenye mkutano unaofuata. Kiti chako hakitakuwa kimefutwa, na hesabu ya siku zako bila pombe itaanza upya hapo.