SOMO LA AFYA: Upasuaji wa kifundo cha mguu kwa matundu madogo

Huenda uliteguka kifundo cha mguu mpirani au ukitafuta kuni, na miezi imepita bado kinavimba na kukwama unapotembea. Wengi hupona kwa kupumzika na mazoezi. Lakini ukipewa rufaa, hospitalini unaweza kuambiwa kuna upasuaji wa matundu madogo. Daktari hutoboa matundu 2 mbele ya kifundo: moja la kamera nyembamba, lingine la vyombo. Hutoa vipande vya gegedu vilivyokatika au kukwangua mfupa uliozidi.

Kidonda ni kidogo, lakini kazi si ndogo. Mwaka 1931 huko New York, daktari Michael Burman alichungulia viungo vya maiti kwa darubini, akaona kifundo ni chembamba mno kwa chombo hicho. Vyombo vilipopunguzwa unene, Masaki Watanabe wa Japani alifanikiwa, akatoa taarifa yake mwaka 1972.

Nafasi bado ni finyu. Mbele ya kifundo, chini tu ya ngozi, hupita mshipa wa fahamu uendao vidoleni. Huo ndio huumia mara nyingi. Daktari mzoefu huukunja mguu kuelekea chini na ndani, akautafuta mshipa na kuuchora kwa kalamu. Kisha hukata ngozi tu, na nyama huitanua kwa chombo butu. Anayejifunza huchukua muda mrefu zaidi, na anaweza kukwaruza gegedu nzima. Kuzoea goti hakutoshi, maana goti lina nafasi kubwa.

Kwa hiyo uliza, kupitia mkalimani ikibidi: "Daktari, upasuaji huu wa kifundo umeufanya mara ngapi? Nani atashika vyombo?" Si utovu wa adabu. Mwanafunzi akifanya huku bingwa amesimama pembeni, hilo ni la kawaida. Na daktari akisema afadhali akupasue kwa njia ya zamani aliyoizoea, usidhani anakunyima kitu kizuri. Sisi tungemkubalia.

Ukirudi kambini, njoo zahanati siku hiyo hiyo ukiona usaha, homa, ganzi isiyoisha upande wa juu wa mguu, au shavu la mguu limevimba na kuuma. Ukikosa pumzi ghafla, usisubiri kuche.