Mchuzi Utokanao na Mafuta ya Kuku wa Kuoka

Katika kaya nyingi, kuku wa sikukuu huokwa ndani ya sufuria nzito, makaa yakipaliwa chini na juu ya mfuniko. Wapo pia wanaofuga bata mzinga, na somo hili linawahusu. Nyama inapoiva, huacha chini ya sufuria mafuta, majimaji na ukoko wa rangi ya kahawia. Walaji wengi humwaga mabaki hayo wakidhani ni uchafu, kisha hununua vidonge vya mchuzi ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi. Huo ni upotevu.

Kwanza hakikisha kuku ameiva. Choma paja, penye nyama nene, kwa ncha ya kisu: majimaji yatoke meupe, pasiwe na wekundu karibu na mfupa. Kwa mwenye kipimajoto, kiwango ni nyuzi 74 za Selsiasi. Kuku wa kienyeji aliyekomaa aghalabu huchemshwa kabla ya kuokwa. Supu yake ihifadhiwe, kwani ndiyo kimiminika bora cha mchuzi huu. Kuku aliyeiva asirudishwe katika sahani iliyobeba nyama mbichi.

Mimina mabaki ya sufuria katika bakuli, yaache yatulie hadi mafuta yaelee, kisha yaenguliwe. Rudisha vijiko 2 vya chakula vya mafuta katika sufuria, juu ya moto mdogo, ongeza vijiko 2 vya unga wa ngano na ukoroge kwa dakika 2 au 3. Ongeza majimaji yaliyobaki pamoja na supu, jumla kikombe 1 na nusu, kidogo kidogo, huku ukikwangua ukoko. Ukoko uliogeuka mweusi uachwe, maana hutia uchungu. Acha mchuzi utokote dakika 5, ndipo uonje chumvi. Ukiwa na madonge, uchuje tu.

Wapo wanaopendelea unga wa karanga badala ya ngano, na ladha yake haina ubishi. Hata hivyo, karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe kabla ya kusagwa, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016, watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Hatari kubwa zaidi huanza baada ya mlo. Mchuzi ulioachwa jikoni usiku kucha, ukifunikwa vizuri, huonekana salama asubuhi. Si salama. Baadhi ya vimelea hustahimili mchemko wa kwanza, huzaliana mchuzi unapopoa polepole, na baadhi yao hutoa sumu isiyoharibiwa na mchemko wa pili. Dhana kwamba kuchemsha tena ni dawa ya kila kitu imewaponza wengi, hasa watoto. Kwa hiyo mchuzi usikae nje zaidi ya saa 2. Kaya isiyo na jokofu itengeneze kiasi cha mlo mmoja. Kinachozidi apewe jirani kingali cha moto. Mwenye jokofu aumimine katika chombo kipana, akiweke ndani ya beseni la maji baridi, kisha auhifadhi kwa muda usiozidi siku 3, na kuuchemsha mara moja tu, kwa sehemu inayoliwa.

Msafiri anayekula Tinde, zinapokutana barabara za Shinyanga, Kahama na Nzega, anayo haki ya kumuuliza mama lishe mchuzi umepikwa saa ngapi, na kuukataa usiotoa mvuke.

Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019. Unaponunua unga au vidonge vya mchuzi, tazama alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukishuku kwamba bidhaa imekudhuru, usitupe pakiti wala mabaki. Yapeleke kwa afisa afya wa eneo lako au katika ofisi ya TBS iliyo karibu.