Dondoo muhimu: Airisi zisizo na ndevu bustanini

Kwa joto la Nachingwea na Ruangwa, tafuta airisi chotara za Louisiana, zenye asili ya kinamasi. Za Siberia ziache, zinadai baridi kali ambayo huku haipo.

- Panda mvua za Desemba zikishakolea.
- Fukia tunguu sentimita 3 hivi. Likibaki wazi, jua huliunguza.
- Weka mboji. Majivu yabaki jikoni: airisi hizi hupenda udongo wenye tindikali.
- Kiangazi ndicho huziua. Panda karibu na bomba, umwagilie hadi udongo ulowe chini, si kunyunyizia juu juu. Maji ya kufulia usimwage hapo.
- Tandaza nyasi, ila kagua mchwa kila wiki.
- Zisipochanua mwaka wa kwanza, usizing'oe.
- Nawa mikono ukishagawa matunguu; utomvu huwasha.