Ufupi kama Sharti la Lugha: Michezo ya Kitendo Kimoja ya Provincetown, 1915–1922

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa tamthilia mchezo mfupi hutajwa kwa haraka. Wahakiki wengi huuona kama zoezi la mwandishi ambaye hajakomaa, au kama kijazio cha jioni wakati mchezo mrefu haujapatikana. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kuchunguza kazi za kikundi kimoja cha wasanii wa ridhaa, Provincetown Players wa Marekani, ambacho kati ya mwaka 1915 na 1922 kilionyesha takriban michezo 100, mingi ikiwa ya kitendo kimoja na karibu yote ikiwa imeandikwa na wanachama wake au watu wa karibu nao. Hoja inayotetewa ni ya kiisimu zaidi kuliko ya kihistoria. Inadaiwa kwamba ufupi ni sharti linalomlazimisha mwandishi kuegemea maarifa ambayo hadhira inayo tayari, na kwamba sharti hilo huhamisha mzigo wa maana kutoka katika kile kinachosemwa hadi katika kile kinachoachwa bila kusemwa.

2.0 Nyumba, Gati na Msimu

Provincetown ni mji mdogo uliopo kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenyeji wake waliishi kwa uvuvi, na wakati wa kiangazi mji ulipokea waandishi na wachoraji waliotoka katika mtaa wa Greenwich Village, New York. Usiku wa tarehe 15 Julai 1915 baadhi yao walikusanyika katika nyumba waliyopanga Neith Boyce na Hutchins Hapgood, wakaonyeshana michezo miwili. Mchezo wa Boyce, Constancy, ulichezwa barazani huku watazamaji wakikaa ndani na kuitazama bahari nyuma ya wachezaji. Ulipokwisha, watazamaji walihamishia viti vyao barazani, wakageuka, wakatazama ndani mchezo wa pili, Suppressed Desires, ulioandikwa na Susan Glaspell na mumewe, George Cram Cook.

Jambo la viti kugeuzwa hutajwa na wanahistoria kama kichekesho cha siku za mwanzo. Hata hivyo, lina uzito wake. Linaonyesha kwamba onyesho halikuwa na mahali pake maalumu; lilichukua umbo la nyumba na la watu waliokuwamo. Baadaye mwaka huohuo kikundi kilihamia katika banda la samaki lililojengwa juu ya gati, mali ya mwandishi Mary Heaton Vorse, na kiangazi cha 1916 kikaendesha hapo msimu kamili. Kila onyesho lilikusanya michezo mifupi kadhaa, na waliocheza usiku mmoja ndio waliokaa kutazama usiku mwingine. Katika mazingira hayo mwandishi hakuhitaji kutumia nusu ya mchezo kueleza wahusika ni akina nani. Aliwaandikia watu aliokula nao mchana.

3.0 Maarifa ya Pamoja na Mzaha

Suppressed Desires (kwa Kiswahili, labda Matamanio Yaliyozimwa) ni dhihaka juu ya mtindo uliokuwa umeenea Greenwich Village wakati huo, wa kuchambua nafsi na ndoto kwa kufuata nadharia za Sigmund Freud. Kwa maelezo ya Glaspell mwenyewe, kikundi cha Washington Square Players kilikuwa kimeukataa mchezo huo kwa hoja kwamba ulihusu mambo ya wachache mno. Hukumu hiyo ilikuwa sahihi kama maelezo, lakini ilikosea kama tathmini. Uchache wa wahusika wa habari hiyo ndio uliouwezesha mchezo kuwa mfupi.

Mhimili wa msuko ni neno moja. Mabel, mgeni katika nyumba ya dada yake Henrietta, anaota kwamba yeye ni kuku na kwamba anaamriwa apige hatua. Ndoto inapochambuliwa, inatokea kwamba amri hiyo na jina la kuku jike, zikiunganishwa katika Kiingereza kwa namna zinavyoandikwa, hutoa jina la Stephen, mume wa Henrietta. Henrietta, aliyekuwa mhubiri wa nadharia hiyo, anaiasi mara moja inapomwelekea yeye. Kiisimu, huu ni mgawanyo wa makusudi wa neno lisilogawanyika: jina ambalo kwa msemaji wa kawaida ni kipashio kimoja linachukuliwa kana kwamba lina mofimu mbili. Hadhira iliyokwisha kusikia uchambuzi wa aina hiyo mezani kwa jirani haikuhitaji kupewa ufafanuzi. Ilicheka kabla Henrietta hajamaliza kuelewa.

4.0 Lafudhi na Kifo

Tarehe 28 Julai 1916 ilionyeshwa Bound East for Cardiff ya Eugene O'Neill. Baharia aitwaye Yank anakufa polepole kitandani ndani ya meli Glencairn, huku rafiki yake Driscoll akiwa kando yake. Hakuna tukio jingine la maana. Mabaharia wametoka nchi mbalimbali na O'Neill ameandika lafudhi ya kila mmoja kwa tahajia yake, kiasi kwamba msomaji hupata shida mahali ambapo msikilizaji hapati. Glaspell alisimulia katika The Road to the Temple (1927) kwamba usiku ule bandari ilikuwa na ukungu, na maji yalisikika chini ya sakafu ya banda. Bahari yenyewe ilikuwa imechukua sehemu ya maelekezo ya jukwaani.

Historia nyingi za fasihi ya Marekani husimama hapa, kwa kuwa O'Neill alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936, na kikundi kizima hugeuzwa kuwa kitalu chake. Mtazamo huo unawapunja wengine, hususan Glaspell, ambaye siku kumi na moja baadaye alionyesha kazi iliyo bora zaidi kwa ufundi wa lugha.

5.0 Fundo

Trifles ilionyeshwa tarehe 8 Agosti 1916, Glaspell mwenyewe akicheza nafasi ya Bi. Hale. Chanzo chake ni mauaji ya mkulima John Hossack katika jimbo la Iowa mwaka 1900, kesi ambayo Glaspell aliiripoti akiwa mwandishi wa gazeti la Des Moines. Katika kesi ile silaha ilikuwa shoka. Katika mchezo, mume amenyongwa kwa kamba. Badiliko hilo ni la msingi, kama itakavyoonekana.

Wanaume watatu, yaani mwendesha mashtaka, sherifu na jirani, wanapekua nyumba kutafuta sababu ya mauaji. Wake wawili wanabaki jikoni. Mshtakiwa, Minnie Wright, yumo mahabusi na haonekani jukwaani hata mara moja. Wanaume husema sentensi kamili, huuliza na kuhitimisha. Wanawake huanza sentensi na kuzikatiza, wakaangaliana. Wanagundua mishono iliyoharibika ghafla katika blanketi la viraka, tundu la ndege lililovunjwa mlango, kisha ndege aliyesokotwa shingo akiwa amewekwa ndani ya kisanduku kizuri. Ushahidi wote umepatikana, na hakuna aliyeutamka. Bi. Hale anafumua mishono mibaya na kuishona upya. Mwishowe anamficha ndege mfukoni.

Mapema katika mchezo wanaume waliwacheka wanawake kwa kujadili kama Minnie alikusudia kulidarizi blanketi lake au kulifunga kwa mafundo. Mwendesha mashtaka analirudia swali hilo mwishoni kwa utani, na Bi. Hale anajibu kwa istilahi ya washonaji: ni kwa mafundo. Katika Kiingereza kitenzi hicho hutamkwa sawasawa na neno la kukanusha, na wahakiki wamesikia humo kanusho la hatia. Aidha, fundo linaikumbusha hadhira kamba iliyokuwa shingoni mwa marehemu. Shoka lisingeweza kufanya kazi hiyo. Mwaka mmoja kabla, Glaspell na Cook walikuwa wameligawa jina ili watu wacheke. Sasa sauti moja inabeba maana tatu mbele ya sheria, na sheria haisikii.

Mfasiri wa Kiswahili atalipoteza kanusho, kwa kuwa ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi chenyewe na hauwezi kufanana kimatamshi na nomino. Lakini neno fundo linampa kitu ambacho Kiingereza hakina. Mwenye fundo moyoni ni mtu aliyeweka kinyongo cha muda mrefu bila kukitamka, na hiyo ndiyo hali ya Minnie, ambaye kwa miaka mingi ya ndoa alinyamazishwa. Kosa kubwa litakuwa kuongeza sentensi ya kufafanua. Ikumbukwe kwamba Kiswahili kina desturi yake ya ufupi wa jukwaani: Alikiona ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1970 katika Michezo ya Kuigiza, inachota katika kichekesho, sanaa ambayo haikuwahi kuwaeleza watazamaji wake jambo walilolijua.

6.0 Kanuni na Hatima Yake

Septemba 1916 kikundi kilijiandikia katiba. Lengo kuu lilikuwa kuhimiza uandishi wa michezo ya Kimarekani yenye thamani ya kisanaa, na kanuni mojawapo ilimtaka mwandishi asimamie mwenyewe utayarishaji wa mchezo wake. Novemba mwaka huo kilifungua ukumbi katika nyumba namba 139 mtaa wa Macdougal, New York, kikiendelea na mtindo wa michezo mifupi kwa jioni moja, watazamaji wakiwa wanachama waliolipia msimu mzima. Kwa njia hiyo hadhira ya kudumu ilihifadhiwa kwa kiasi fulani hata ndani ya jiji kubwa.

Kilicholegeza uhusiano huo ni mafanikio. The Emperor Jones ya O'Neill, iliyoonyeshwa tarehe 1 Novemba 1920 Charles Gilpin akiwa mhusika mkuu, ilihamishiwa Broadway kabla ya mwaka kwisha. Wachezaji waliondoka nayo, na walioingia ukumbini baada ya hapo walikuja kutazama jambo lililosifiwa magazetini. Mapema mwaka 1922 Cook na Glaspell walisafiri kwenda Ugiriki, ambako Cook alifariki Januari 1924. Mchezo wa mwisho wa kikundi hicho cha asili ulionyeshwa Aprili 1922. Ulikuwa Chains of Dew, mchezo mrefu wa Glaspell, na mwandishi wake hakuwapo kuusimamia.